Tiketi si ruhusa ya kuingia: ndege, viza na safari zetu za nje

Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, ndege za abiria zilisimama katika uwanja wa mji ule. Katikati ya Februari ikawa zamu ya Kavumu, uwanja unaotumikia Bukavu. Tangu hapo, kwa watu wengi wa Kivu, safari ya mbali haianzi tena uwanjani. Inaanza kwenye bariera, kwa miguu, na mzigo kichwani. Anayetaka kwenda Kinshasa, mji mkuu wa inchi yake, anaweza kujikuta akipiga muhuri wa inchi mbili za kigeni kabla ya kufika.

Katika hali hiyo, maulizo yanayoletwa kwa wachungaji na kwa biro za makanisa yamebadilika. Zamani mtu aliuliza: ndege gani ni rahisi? Leo anauliza: nipitie wapi, karatasi gani itaniwekea njia wazi, na nikirudishwa nani atanilipa? Wanaouliza ni wanafunzi waliopata nafasi ya masomo, wagonjwa wanaotafuta matibabu, jamaa wanaokwenda kwenye kilio cha ndugu, na wajumbe wa makanisa wenye barua ya mwaliko mkononi. Wengi wamekopa. Kosa moja dogo la karatasi linaweza kumeza akiba ya jamaa nzima. Kwa hiyo inafaa kuangalia mambo haya mawili pamoja, kampuni za ndege na sheria za kuingia, kwa sababu hayatengani.

Njia ya kutoka mashariki

Mtu wa Goma kwa kawaida huvuka Gisenyi na kupanda basi mpaka Kigali, mwendo wa saa tatu hadi nne. Kigali kuna RwandAir yenyewe, kuna Ethiopian Airlines, Kenya Airways, Brussels Airlines, Turkish Airlines na Qatar Airways. Mtu wa Beni na Butembo huvuka Kasindi na kwenda Entebbe. Mtu wa Lubumbashi ana ndege za Addis Ababa, Nairobi na Johannesburg nyumbani kwake, na wengine huvuka mpaka na kuondokea Ndola, Zambia. Mtu wa Kinshasa ndiye mwenye uchaguzi mkubwa zaidi: Brussels, Paris, Istanbul, Addis Ababa, Nairobi.

Lakini bei ya tiketi ya Kigali au Entebbe si bei ya safari. Ongeza basi, usiku wa hoteli, na hatari ya kukuta mpaka umefungwa saa ile unayouhitaji. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na waliokuwa wamezoea kupita Bujumbura kwenda Kigali walijua habari hiyo walipofika barabarani. Anayeondokea Kinshasa au Lubumbashi naye ahesabu Go-Pass, kodi ya uwanja iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa dola 50 kwa safari za nje. Aulize ajansi kama imekwisha kuhesabiwa ndani ya tiketi.

Siasa nayo hupanda ndege pamoja nasi. Februari 2025 Kinshasa ilifunga anga yake kwa ndege zilizoandikishwa Rwanda, na RwandAir ikalazimika kuzunguka kwa safari zake za magharibi na za Ulaya. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2024, Kenya Airways ilisimamisha safari za Kinshasa baada ya wafanyakazi wake wawili kukamatwa na askari kwa sababu ya mzigo mmoja. Ndege zilirudi mwezi wa Mei, lakini waliokuwa na tiketi wakati ule walijifunza kwamba katika eneo letu ndege inaweza kukosa kuruka kwa sababu isiyohusu injini wala mvua.

Kulinganisha kampuni za ndege

Watu hulinganisha bei, kisha chakula. Kuna mambo manne yenye uzito zaidi.

La kwanza ni tiketi moja au tiketi mbili. Ukinunua Kinshasa hadi Montréal kwa tiketi moja, hata kama unabadilisha ndege Addis Ababa, mzigo wako unakwenda mpaka mwisho, wewe unabaki ndani ya uwanja, na ndege ya kwanza ikichelewa kampuni inapaswa kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali kwa sababu zilionekana rahisi, kila kampuni inakuhesabu kama mtu aliyemaliza safari pale katikati. Utatakiwa kutoka nje, kuchukua mzigo na kujiandikisha upya. Kutoka nje maana yake ni kuingia katika inchi ile, na kuingia kunaweza kuhitaji viza. Tena ndege ya pili ikikuacha, hasara ni yako. Akiba ya dola 150 imewahi kuzaa hasara ya 1,000.

La pili ni haki zako safari ikiharibika. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Inamlinda kila abiria anayeondoka katika uwanja wa Ulaya, kwa kampuni yoyote. Kwa anayeondoka Afrika kwenda Ulaya, inamlinda tu kama kampuni inayomrusha ni ya Ulaya. Basi ukitoka Kinshasa kwenda Brussels kwa Brussels Airlines, na ukafika umechelewa zaidi ya saa tatu kwa kosa la kampuni, unaweza kudai euro 600, kwa kuwa njia hiyo inapita kilomita 3,500. Ukifanya safari hiyo hiyo kwa Ethiopian kupitia Addis Ababa, kanuni hiyo haikulindi wakati wa kwenda. Inakulinda wakati wa kurudi, kwa sababu unaondoka Brussels. Hiyo haimaanishi kampuni ya Afrika ni mbaya. Inamaanisha kwamba tiketi mbili za bei moja zinaweza kuwa na nguvu mbalimbali mbele ya sheria.

La tatu ni mzigo. Kampuni nyingi zinazotoka kwetu kwenda mabara mengine huruhusu vipande viwili vya kilo 23, lakini tiketi za bei ya chini kabisa zinaweza kuruhusu kimoja tu, au kutoruhusu hata kimoja. Soma kilichoandikwa kwenye tiketi yako, usitegemee aliyosafiri nayo shemeji mwaka jana. Mzigo ukiharibika, andika malalamiko ndani ya siku 7. Ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu uupokee. Hivyo ndivyo unavyotaka Mkataba wa Montreal wa 1999. Malalamiko ya mdomo hayahesabiwi. Tena usitupe kile kikaratasi cha namba wanachobandika kwenye tiketi. Bila hicho huna ushahidi.

La nne ni usalama na cheti. Kampuni zote za ndege zilizoandikishwa Kongo zimo katika orodha ya zile zisizoruhusiwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya, na imekuwa hivyo tangu orodha hiyo ilipotoka mwaka 2006. Haimaanishi kila ndege ya kwetu ni mbovu. Ulaya inasema haiamini usimamizi wa serikali yetu juu ya ndege hizo. Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines asilimia 49, imeleta tumaini kwa safari za ndani, lakini cheti cha Kongo bado kinabeba mzigo huo. Bima nyingi za safari nazo huangalia orodha hiyo.

Kwa nini mtu wa kaunta anakuwa mkali

Watu wengi hulalamika kwamba mfanyakazi wa kampuni ya ndege aliwatesa kwa maulizo kuliko polisi wa mpaka. Kuna sababu. Kampuni ikimpeleka abiria asiye na karatasi kamili, inchi ile inaitoza faini, na kwa Ulaya ni maelfu ya euro kwa kila mtu. Tena inapaswa kumrudisha kwa gharama yake. Kwa hiyo mataifa ya mbali yameweka mlango wao hapa hapa kwetu, kwenye kaunta ya N'djili, ya Luano, ya Kigali. Mfanyakazi anaandika uraia wako na njia yako ndani ya mashine inayoitwa Timatic, ambayo mashirika ya ndege duniani hutumia, na mashine inamwambia karatasi zinazotakiwa. Mashine ikikataa, machozi hayasaidii.

Jambo la kufanya ni kuuliza swali hilo hilo kabla ya kulipa. Mwombe ajansi akuonyeshe jibu la mashine hiyo kwa paspoti ya Kongo na kwa njia yako yote, pamoja na kila eskale. Ajansi nzuri hufanya hivyo bila malipo. Ajansi inayosema "usijali, nina mtu wangu uwanjani" inakuuzia shida.

Viza ya kupita tu

Hapa ndipo Wakongomani wengi huanguka. Sheria ya viza ya Schengen ina orodha ya inchi chache ambazo raia wake wanahitaji viza hata kwa kukaa ndani ya uwanja wakingoja ndege nyingine. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha hiyo, pamoja na Nigeria, Ghana, Ethiopia, Eritrea, Somalia na nyingine. Kwa hiyo Mkongomani anayekwenda kwa mfano Brazil kupitia Paris au Brussels anahitaji viza ya kupita uwanjani, hata asipokanyaga barabara ya Ulaya.

Wenye viza halali ya Schengen, ya Marekani, ya Canada au ya Japani hawahitaji viza hiyo ya kupita. Uingereza nayo ina sheria yake kwa Wakongomani wanaopita London, na ina misamaha yake. Ndiyo maana bei ya kampuni ya Ulaya inaweza kuwa ya chini na bado safari ikawa ghali. Kupita Addis Ababa, Nairobi au Istanbul kwa tiketi moja, bila kutoka uwanjani, mara nyingi huondoa kikwazo hicho.

Viza ina maana gani

Viza si haki ya kuingia. Ni kibali cha kufika mlangoni na kugonga. Afisa wa mpaka wa Schengen bado ana haki ya kukuuliza unakwenda kufanya nini, utalala wapi, una makuta ya kutosha, tiketi ya kurudi iko wapi. Ukisema jambo tofauti na lile uliloandika kwenye ombi lako, anaweza kukurudisha, hata viza ikiwa nzuri. Kwa hiyo beba karatasi zako mkononi, usiziweke katika mzigo unaokwenda chini ya ndege.

Tofautisha tena tarehe na siku. Viza inaweza kuonyesha kwamba inatumika kuanzia 1 Machi hadi 30 Aprili, na chini yake ikaandikwa siku 10. Huyo mtu ana siku 10 tu ndani ya muda ule, si miezi miwili. Kuzidisha hata siku moja kunaandikwa. Na tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza kutumia mashine zinazochukua alama za vidole na sura badala ya muhuri, hivyo siku zinahesabiwa zenyewe.

Kwa viza fupi ya Schengen, ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Jibu hutolewa katika siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Bei ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 Juni 2024. Bima ya safari inapaswa kufunika euro 30,000. Paspoti iwe na miezi 3 zaidi baada ya siku ya kurudi, na kurasa mbili tupu. Unaomba kwa inchi utakayokaa siku nyingi, si kwa ile yenye sifa ya kutoa haraka. Kwa Marekani, ombi la kutembelea ni dola 185. Kwa Canada, dola 100 za Canada na 85 za alama za vidole. Ukikataliwa, hakuna kati ya hizo inayorudishwa.

Hapa tuseme ukweli. Euro 90 kwa mtu wa Brussels ni chakula cha jioni kwa watu wawili au watatu. Kwa mwalimu wa shule ya msingi katika Kivu ni sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi. Na sheria inataka aonyeshe hesabu ya benki, wakati mabenki ya Goma yalifunga milango Januari 2025. Inataka alete ombi Kinshasa, wakati njia ya Kinshasa imekatika. Paspoti yenyewe hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nje. Ilikuwa dola 185 tangu 2015, mojawapo ya bei za juu duniani, kabla ya kushushwa hadi 99. Sheria inaonekana moja kwa wote, lakini uzito wake hauwi sawa kwa mtu aliye kati ya vita.

Kongo ipi?

Juni 2025 Marekani ilitangaza kuwafungia mlango raia wa inchi 12, na "Kongo" ilikuwa ndani. Simu nyingi zilipigwa siku zile. Kongo iliyotajwa ni ile ya Brazzaville, si ya Kinshasa. Burundi, jirani yetu, ilipewa katazo la sehemu, linalogusa viza za utalii, biashara na masomo. Desemba 2025 orodha hiyo iliongezwa tena, na Tanzania na Zambia zikaingia katika kundi la makatazo ya sehemu.

Fundisho ni mawili. Kwanza, kwenye karatasi yoyote angalia alama ya inchi: yetu ni COD, ya Brazzaville ni COG. Mtu akibonyeza mstari usio wake kwenye kompyuta, ombi lake lote linakwenda njia isiyo yake. Pili, habari ya viza inayozunguka kwenye WhatsApp inaweza kuwa kweli jana na uongo leo. Soma ukurasa wa ubalozi wenyewe wiki ile unayoomba.

Milango iliyo karibu

Tunapohesabu milango iliyofungwa, tusisahau iliyofunguliwa. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kenya na Tanzania ziliondoa viza kwa Wakongomani mwaka 2023, na Uganda ikafuata Januari 2024. Rwanda nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba Waafrika wote wanaingia bila viza. Mtu wa Bunia anaweza kwenda Nairobi kwa matibabu bila kulipia ubalozi. Hata hivyo, kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi wala ya kukaa bila mwisho, na jeton ya mpakani haitoshi kupanda ndege, paspoti inatakiwa.

Chukua pia karte ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha kwa maisha yote, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba karte ya miaka 12 imekufa. Lakini kama ni chanjo yako ya kwanza, ifanye siku 10 kabla ya safari, kwa sababu kabla ya hapo haihesabiwi.

Sehemu ya makanisa

Kanisa limo katika jambo hili, kwa sababu barua za mwaliko hupitia mikononi mwetu. Kila mwaka wachungaji, wanawake viongozi na vijana wanaitwa kwenye mikutano ya nje. Wengine hurudi na kutoa habari. Wengine hawarudi. Tunawaelewa waliokimbia vita, na sheria ya kimataifa inampa kila mtu haki ya kuomba ulinzi. Lakini barua ya mkutano iliyotumiwa kama mlango wa kuhama inafunga mlango kwa mama yule wa parokia atakayeomba mwaka ujao kwa nia safi. Ubalozi unakumbuka jina la shirika. Na mbaya zaidi ni barua zinazouzwa. Mtu anayeweka jina la mgeni katika orodha ya kwaya kwa dola 500 anauza uaminifu uliojengwa na wengine kwa miaka 30.

Kuna mambo ambayo jumuiya zetu zinaweza kuanza bila kungoja mfadhili. Kila biro ya jimbo iwe na mtu mmoja anayejua sheria hizi na anayejibu bure, ili watu wasianguke kwa makomisionere. Barua za mwaliko ziwe na namba, sahihi ya watu wawili, na daftari inayoonyesha nani alikwenda na nani alirudi. Wajumbe waombe viza miezi mitatu kabla, si wiki tatu. Na katika bajeti ya safari, iandikwe gharama ya viza iliyokataliwa, ili mjumbe asibebe hasara hiyo peke yake.

Kwa wenzetu wa nje tuna ombi vilevile. Kama mkutano unahusu amani ya Maziwa Makuu, kwa nini ufanyike Geneva, ambako nusu ya wanaohusika hawataruhusiwa kufika? Nairobi ndiko makao ya Kongamano la Makanisa ya Afrika Yote, na Mkongomani anaingia huko bila viza. Gharama ya kuwaleta Wazungu kumi Nairobi ni ndogo kuliko ya kuwapeleka Wakongomani kumi Ulaya, tena paspoti zao hazikataliwi. Kuchagua mahali pa mkutano ni kuchagua nani atasema ndani yake.

Kwa anayefunga mzigo wake sasa, mpango uwe huu: kwanza paspoti, pili sheria ya kila inchi utakayogusa, tatu viza, na tiketi ya kulipwa iwe ya mwisho. Ubalozi ukidai kuona tiketi, waombe ajansi uhifadhi wa nafasi bila kulipa yote. Anayelipa ndege kwanza na kutafuta karatasi baadaye huacha kampuni ya ndege na ubalozi vimwamulie, na yeye hubaki na deni la kurudisha.